Mpaka Ulioandikwa

Usiku wa kwanza nilipoipandisha mwendo kompyuta yangu, malori yalikuwa yamejipanga kwenye barabara ya Kisumu tangu alasiri, injini zimezimwa, madereva wameketi kwenye vibanda vya chai wakingoja zamu ya kuvuka. Chumba changu kiko upande wa Kenya wa Busia, nyuma ya safu ya maduka, chini ya mabati. Niliwasha mashine, nikabonyeza kitufe cha Delete mfululizo mpaka BIOS, sehemu ya mipangilio ya mashine, ikafunguka, nikashuka kwenye orodha hadi mahali palipoandikwa 33, nikafuta, nikaandika 40. Nikahifadhi, nikatoka. Kwa anayeanza, kuovakloki ni hilo tu: kubadilisha namba moja katika orodha ya namba. Moyo ulinidunda kama wa mtu anayevuka bila karatasi. Leo, miaka kadhaa baadaye, naona ulikuwa na sababu ya kudunda, ila sababu yenyewe sikuwa nimeijua.

Nilikuwa naogopa kuiunguza. Hofu hiyo humpata kila anayeanza, nami nilikuwa nimeinunua mashine ile kwa akiba ya mwaka mzima. Ilikuwa mtumba. Kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa huku zimetoka katika ofisi za Ulaya na Marekani: maboksi meusi ya Dell na HP, imara, yasiyo na makuu, yenye BIOS iliyofungwa ili karani asichezee chochote. Humo hupati mahali pa kubadilisha mwendo hata ukitafuta usiku kucha, na anayetaka kuingia katika mambo haya heri alijue hilo kabla ya kutoa pesa. Yangu haikutoka ofisini. Ilikuwa ya mtu aliyeipenda: boksi lenye matundu mengi ya hewa, chuma kikubwa cha kupoozea, bodi kuu ya aina inayoruhusu kupandisha mwendo, na prosesa ya Intel Core i5-2500K. Muuzaji hakujua alichokuwa nacho, akaiuza kwa bei ya boksi.

Mwendo wa kompyuta huanzia kwenye kipande kidogo cha kwatzi kinachotetemeka bila kuchoka. Katika mashine za kizazi hicho, kilichoingia sokoni Januari 2011, mtetemo huo hugeuzwa kuwa mapigo ya msingi milioni 100 kwa sekunde, na prosesa huyazidisha. Mara 33, unapata gigahezi 3.3. Mara 40, unapata 4.0. Katika kila pigo transista karibu bilioni moja zinapaswa kuwa zimekwisha kuamua, ndiyo au hapana, kabla ya pigo linalofuata kufika. Kazi ikiibana, prosesa yangu hujipandisha yenyewe kidogo: hadi 3.4 viini vyake vyote vinne vikiwa kazini, hadi 3.7 kikiwa kimoja. Kupita hapo kunahitaji mkono wa mtu, na ile herufi K mwishoni mwa jina ndiyo ruhusa. Ndugu yake asiye na K, hata kama wametoka katika sahani moja ya silikoni, amefungiwa karibu pale pale alipoandikiwa.

Kazi yangu ni video. Harusi, mazishi, mahafali, mikutano ya makanisa, pande zote mbili za mpaka. Ukishakata na kuunganisha picha, mashine inapaswa kuirenda video, yaani kuikusanya yote upya iwe faili moja, na hapo ndipo usiku ulipokuwa ukiniishia. Harusi moja ilichukua saa 10. Umeme ukikatika saa ya tisa, unaanza moja. Kwa hesabu ya karatasi, kutoka 3.4 hadi 4.2 kungepunguza saa hizo 10 ziwe 8 na dakika chache. Kwa mtu mwingine saa mbili ni kitu kidogo. Kwangu ziliamua kama mteja atapata kumbukumbu yake Jumatatu au Jumatano, na kama nitalala.

Niliipeleka Tororo, upande wa Uganda, nikaionyeshe kwa mjomba. Nasema niliipeleka, na ndivyo ilivyokuwa: nililipakata lile boksi juu ya boda boda, chombo ambacho jina lake lilizaliwa huku kwetu katika miaka ya 1960, baiskeli zilipobeba watu na mizigo kutoka geti la nchi moja hadi geti la nyingine, boda mpaka boda. Tangu 2018, marais wawili walipofungua rasmi kituo cha pamoja, maofisa wa nchi zote mbili huketi jengo moja na msafiri husimama mara moja tu. Ofisa aliligonga boksi kwa kidole, akauliza ni mpya au ni ya zamani, akaniachia. Upande wa pili nikapanda teksi, na baada ya muda jabali la Tororo likajitokeza, limesimama peke yake juu ya mji kama jino.

Mjomba alifanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha saruji cha hapo Tororo, upande wa tanuri. Tanuri la saruji huzunguka polepole, na ndani yake mawe hufika nyuzi 1,450 hivi za selsiasi kabla hayajawa klinka. Kazi yake wakati mmoja ilikuwa kuchungulia moto kupitia kioo cha buluu na kusema, kwa rangi tu, kama ndani kunatosha. Kompyuta yeye haijui. Lakini nilipomweleza kwamba prosesa imeandikiwa 3.3 nami naiendesha 4.0, aliuliza swali ambalo hakuna mwongozo wowote niliosoma ulikuwa umeniuliza.

"Nani aliandika hiyo namba?"

"Watu wa kiwanda, mjomba."

"Sasa hao watu walikuwa wanaijua hii yako, ama walikuwa wanazijua zote?"

Walikuwa wanazijua zote. Prosesa hukatwa kwa mamia kutoka sahani moja ya silikoni, na hazitoki sawa hata kidogo. Ya katikati ya sahani si ya ukingoni, na ya sahani ya jana si ya leo. Kiwanda huzipima, huzipanga kwa madaraja, kisha huchagua namba ambayo hata iliyo dhaifu katika daraja lake itaifikia, katika chumba chenye joto, kwa feni iliyojaa vumbi, kwa miaka. Wakati mwingine soko nalo huandika namba. Agosti 1998 Intel ilitoa Celeron 300A, prosesa ya bei nafuu ya megahezi 300, iliyopata mwendo huo kwa kuzidisha mapigo ya msingi ya megahezi 66 mara nne na nusu. Wenye nazo wakagundua kwamba ukiiweka kwenye mapigo ya 100, nyingi zilikwenda 450 bila kulalamika, mwendo wa Pentium II ya juu kabisa ya wakati ule. Ile 300 ilikuwa ya dukani. Silikoni haikuwa imeambiwa. Miaka hiyo hiyo walikuwepo wafanyabiashara waliofuta namba iliyochapwa juu ya prosesa na kuchapa kubwa zaidi, wakamuuzia mtu megahezi zisizokuwa zake, na kufunga vizidishio kukawa njia mojawapo ya kuwazuia.

Sisi wa huku tunaijua habari ya mistari inayochorwa na watu wanaotazama ramani nzima. Uganda iliwahi kufika Naivasha. Mwaka 1902 Waingereza walilikata Jimbo la Mashariki la Uganda wakaliunganisha na nchi iliyokuja kuitwa Kenya, na mstari ukahamia hapa, ukawapitia Wasamia katikati, ukawapitia Wateso katikati. Waliouchora hawakuwa na habari ya shamba la mtu fulani ambalo mihogo yake iko nchi moja na kisima chake nchi nyingine. Mstari ulikuwa wa wote, kwa hiyo haukuwa wa mtu yeyote. Watu wakajifunza kuishi na mipaka miwili, ule ulioandikwa na ule ulioko, na kila aliyekua Busia anajua ni upi wa kuheshimu mbele ya ofisa na ni upi wa kufuata akimzuru shangazi jioni.

Kwa hiyo niliporudi nyumbani na swali la mjomba, niliona nimepewa ruhusa. Namba haikuwa ya mashine yangu. Ilikuwa juu yangu kuitafuta iliyo yake.

Huitafuti kwa kuruka. Unapanda kizidishio hatua moja, unawasha, unajaribu, unapima joto, unapanda tena. Nikafika 42, nikafika 44. Kwenye 45 skrini ikabaki nyeusi, feni zinazunguka, hakuna kitu. Nilikaa kitandani nikiitazama kama mgonjwa. Baadaye ndipo nilipojifunza kwamba hiyo haikuwa ajali hata kidogo: kizidishio kikizidi, mashine hukataa tu kuamka. Unachomoa waya wa umeme, unatoa ile betri ya mviringo iliyo kwenye bodi, inayofanana na ya saa kubwa ya mkononi, CR2032, unangoja dakika chache, unairudisha. BIOS inasahau yote uliyoiandikia na kurudi kwenye namba za kiwandani. Laiti mtu angeniambia mapema, ningelala usiku ule.

Kinachoua ni volti na joto. Prosesa inapokataa mwendo mkubwa, unaweza kuishawishi kwa kuiongezea volti, kwa sababu transista zenye msukumo mkubwa huamua haraka zaidi. Lakini joto linalozalishwa hukua sawia na mwendo, na kwa volti hukua kwa kipeo cha pili. Niliweka hesabu hiyo kwenye karatasi mbele ya mjomba siku nyingine. Kutoka gigahezi 3.3 kwa volti 1.15 hadi 4.5 kwa volti 1.35: mwendo unaongezeka kwa asilimia 36, na moto unafika karibu mara 1.9 ya ule wa kwanza. Yeye aliitazama kama anayesoma barua kutoka kwao. Tanuri nalo, alisema, halikulipi kwa kiasi cha makaa unayotia; linakulipa mpaka mahali fulani, kuanzia hapo unachoma matofali ya ukuta wake.

Hapa kwetu kuna jambo ambalo miongozo iliyoandikwa kwa vyumba vya Ulaya haiwezi kulitaja. Busia iko mita 1,200 hivi juu ya bahari, na kwenye kimo hicho hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa sehemu moja ya kumi hivi. Feni ikizunguka vile vile, inabeba joto kidogo zaidi kuliko ambavyo ingebeba Mombasa katika hewa yenye joto sawa. Juu ya hapo kuna mabati. Saa nane mchana chumba changu hufika nyuzi thelathini na kitu, na prosesa inayofanya kazi kwa nyuzi 68 usiku hufika 80 bila mimi kugusa chochote. Ikikaribia 100 hujipunguza mwendo yenyewe ili isife, na hapo umeovakloki bure: umeongeza moto ukapata mwendo ule ule. Vumbi ni adui wa tatu. Lile la Tororo nilirudi nalo ndani ya boksi, jembamba kama unga, limeshikamana kwenye mapezi ya chuma cha kupoozea, na nililitoa kwa brashi ya rangi. Siku hiyo nilibadilisha pia ile pesti inayopakwa kati ya prosesa na chuma, iliyokuwa imekauka kama udongo. Joto likashuka nyuzi tisa. Nakumbuka nilijiuliza ni watu wangapi wanaohangaika kupandisha mwendo wa mashine ambayo kinachoikalia ni uchafu tu.

Umeme nao ni sura nyingine, ingawa sitakaa hapo. Bwawa la Owen Falls kule Jinja, ambalo sasa ni Nalubaale, lilifunguliwa Aprili 1954, na kabla ya muongo ule kwisha nyaya za kilovolti 132 zilikuwa zimeshapita Tororo zikipeleka umeme Nairobi. Nikiwa Busia naipenda habari hiyo, kwamba kuna kitu kimekuwa kikivuka mpaka huu usiku na mchana zaidi ya miaka 60 bila kuulizwa kinakotoka. Lakini unaofika kwenye soketi yangu si volti 240 za kwenye kitabu kila saa. Jioni, kila mtu akiwasha taa na televisheni, hushuka. Radi ikipiga juu ya ziwa msimu wa masika, huruka. Mashine iliyopandishwa mwendo ina nafasi ndogo ya kuvumilia hayo. Nilinunua stebilaiza kabla ya kununua kitu kingine chochote, na ningemshauri mtu yeyote afanye hivyo hivyo hata kama hataovakloki kamwe.

Mwishowe nilitulia kwenye 4.2. Wapo wanaopanda kwa namna nyingine kabisa: mwishoni mwa 2022 walivuka gigahezi 9 kwa kumwagia prosesa heliamu ya kimiminika, ambayo huchemka nyuzi 269 chini ya sifuri. Nawastahi. Mashine zao hufanya hivyo kwa muda wa kupiga picha, nami nahitaji moja itakayofanya kazi mpaka alfajiri.

Kwa majaribio nilitumia Prime95. Programu hii ilitoka kwa George Woltman, Mmarekani aliyeanzisha mwaka 1996 mradi wa watu wa dunia nzima kutafuta namba tasa zinazoitwa za Mersenne, kwa jina la mtawa Mfaransa wa karne ya 17. Oktoba 2024 mradi huo ulitangaza namba tasa yenye tarakimu zaidi ya milioni 41. Mafundi waliipenda kwa sababu nyingine: inaikamua prosesa kuliko kazi yoyote ya kawaida, na inajua jibu kabla haijauliza. Ikipata jibu tofauti, inasimama na kukuambia kwamba makadirio yamekuwa 0.5 wakati ilitarajia yasifike 0.4. Niliisoma sentensi hiyo mara ya kwanza kwenye 4.4, saa tano usiku. Kompyuta ilikuwa haijazima. Haikuwa imeganda. Muziki ulikuwa ukiendelea kupiga. Ilikuwa tu imekosea hesabu, na kama si programu iliyokuwa na jibu mkononi, nisingejua.

Ningepaswa kusimama pale nikafikiri. Sikufikiri. Nilishusha hadi 4.2, nikaiacha ikikimbia usiku mzima, asubuhi nikakuta haina kosa, nikafurahi. Wiki iliyofuata nikapandisha na mwendo wa RAM, kumbukumbu ya muda ya mashine, kutoka 1333 hadi 1600, kwa sababu ilikuwa rahisi na kwa sababu nilikuwa nimelewa mafanikio. Sikuipima. Niliona kuwa mashine imewaka, na kuwaka nikakuchukua kuwa ndiyo ushahidi.

Jumamosi ile nilikuwa na harusi Tororo, nyumbani kwa Wajapadhola. Nyanya wa bi harusi aliketi kwenye kiti cha plastiki chini ya mwembe, amevaa gomesi ya kijani, akasimama kwa kusaidiwa na wajukuu wawili, akambariki msichana kwa Dhopadhola kwa dakika nne hivi. Mimi sijui lugha hiyo ila maneno machache. Nilijua tu kwamba watu wote walikuwa wamenyamaza, hata wapishi kule nyuma, na kwamba mkono wake ulikuwa juu ya kichwa cha msichana muda wote. Usiku nilirudi Busia, nikanakili kadi mbili za kamera kwenye kompyuta, nikaona faili zimekamilika, namba za ukubwa ni sawa, nikazifuta kadi, kwa kuwa asubuhi nilikuwa na mazishi upande wa Matayos.

Jumanne nikafungua faili. Picha ilikwenda vizuri hadi nyanya aliposimama. Kisha uso wake ukavunjika vipande vya mraba, kijivu na kijani, sauti ikakatika, ikarudi, ikakatika. Mara tatu katika dakika zile nne. Sehemu moja ilikuwa sekunde mbili, nyingine nne, ya mwisho zaidi. Niliilaumu kadi. Nikailaumu kebo. Nikailaumu kamera. Nilizunguka vitu vyote vilivyokuwa mezani kabla sijafika kwenye jambo nililolifanya kwa mkono wangu. Ndipo nikawasha Memtest86, programu ya kupima RAM, na dakika ya kumi na saba mistari myekundu ikaanza kushuka kwenye skrini. RAM ilikuwa ikipokea kitu kimoja na kurudisha kingine. Mara chache sana, biti moja katika mamilioni. Kila kilichonakiliwa kilipita humo.

Seva za benki zina RAM inayojisahihisha. Kompyuta ya nyumbani kwa kawaida haina. Inaamini kilichomo kwa sababu kiwanda kimeahidi kwamba kwa 1333 kilichomo ni sahihi, na ile nafasi iliyoachwa kati ya namba iliyoandikwa na namba inayowezekana, niliyokuwa nikiiona kama mali iliyofichwa na matajiri, ndimo ahadi ile ilimokuwa inakaa. Niliila. Sikuila kwa kujua, lakini niliila.

Busia tuna njia za panya, vijia vinavyopita kati ya nyumba na mashamba hadi nchi ya pili bila kupita getini. Karibu kila mmoja amepita huko, akina mama wa mahindi, wanafunzi, hata mimi. Unafika haraka. Hakuna atakayekuzuia siku ya kawaida. Ila mzigo ukipotea njiani huna stakabadhi, huna ofisi ya kuendea, huna wa kumuuliza, na anayepita huko kila siku analijua hilo kabla hajajitwisha. Mimi nilikuwa nimejitwisha mzigo wa watu wengine. Hapo ndipo ninapoona kosa langu. Mwenye kucheza michezo ya kompyuta na mashine yake akipandisha mwendo anahatarisha jioni yake mwenyewe. Mimi nilikuwa nimehamisha mpaka ambao ndani yake kulikuwa na uso wa bibi wa mtu, na sikuwa nimemwambia mtu yeyote kwamba nimeuhamisha.

Nilikwenda Tororo kusema. Mjomba alinisindikiza, bila mimi kumwomba, akavaa koti. Familia ilinipokea vizuri kuliko nilivyostahili. Nilieleza kwa Kiswahili, bi harusi akatafsiri, na nyanya akauliza kitu kimoja ambacho kilimfanya msichana asite kabla ya kunigeuzia.

"Anauliza kama mashine ndiyo iliyochoka, ama wewe ndiye uliyeiharakisha."

Nikasema ni mimi.

Kisha tukajaribu kukumbuka alichokuwa amesema mahali pale palipokatika. Ilikuwa wiki mbili tu zimepita. Shangazi mmoja alisema ni kuhusu maji, kwamba msichana asiwahi kukosa maji ya kumpa mgeni. Kaka wa bi harusi akasema hapana, ni kuhusu ardhi. Bi harusi mwenyewe alikumbuka jina la babu yake limetajwa, na wengine wote wakasema halikutajwa. Nyanya hakukumbuka. Alisema maneno yale yalikuwa ya siku ile.

Alikubali nimrekodi tena. Akavaa gomesi ile ile, akaketi chini ya mwembe ule ule, mkono juu ya kichwa cha msichana, na akasema mambo mengine kabisa. Alisimulia jinsi alivyoletwa Tororo kutoka Mbale kwa treni akiwa bi harusi, akaliona jabali kupitia dirisha, akafikiri ni wingu la mvua. Wajukuu hawakuwa wamewahi kuisikia hadithi hiyo. Nilinakili kadi kwa kompyuta iliyorudi kwenye 1333, nikailinganisha kila faili na asili yake mara mbili, na kadi ile sikuifuta. Iko kwenye bahasha katika droo yangu, na tangu siku ile sifuti kadi yoyote kabla wenyewe hawajaiona video hadi mwisho na kuniambia iko sawa.

Prosesa iko kwenye 4.0 sasa. Ingeweza 4.2, ilishinda usiku mzima kwenye 4.2. Zile hatua mbili nimeziacha kwa ajili ya mchana wa Februari, kwa ajili ya vumbi nitakalochelewa kulisafisha, na kwa ajili ya kitu ambacho sitakuwa nimekifikiria. Kila baada ya miezi mitatu huipa Prime95 usiku mmoja na Memtest usiku mwingine, na siku hizo sichukui kazi.

Nilipomaliza video nilimuuliza bi harusi nitoe zile dakika nne zilizoharibika, niweke tu baraka ya pili. Alikataa. Alitaka zote mbili, ya kwanza kama ilivyo, miraba na yote, kisha ile ya treni. Kwa hiyo zipo. Uso unavunjika, sauti inakatika, mkono tu unabaki mzima kwenye kona ya chini ya picha, umetulia juu ya kitambaa cha kichwa cha msichana, na kwa sekunde nne unaona vidole vikisogea.